UZI: Nilimpeleka mama Dar kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 70. Alitaka kuona bahari, kanisa na Kariakoo

Habari za jioni wakuu. Uzi huu utakuwa mrefu kidogo, naomba uvumilivu.

Mama yangu ni mkulima wa kahawa Mbinga, mkoani Ruvuma. Amezaliwa 1955. Katika maisha yake amefika Songea mara nyingi, Peramiho hospitali, Mbamba Bay kwa ndugu zetu wa ziwani, na Njombe mara moja kwenye msiba. Dar aliijua kwa redio tu. Sisi watoto wake wote tumepita Dar, dada yetu mkubwa anaishi Kimara zaidi ya miaka 15 sasa, na kila mmoja kwa wakati wake alimwahidi mama kumchukua. Ahadi zikawa za kila Krismasi.

Mwaka 2025 akatuita na kusema: "Nataka kuiona bahari kabla magoti hayajakataa." Hakulalamika wala hakumlaumu mtu. Mimi ni mwalimu, shule zilikuwa zinakaribia kufungwa mwezi wa sita, nikasema safari hii ni yangu.

Nilimuuliza anataka kuona nini. Nilitegemea aseme maghorofa. Akataja vitu vitatu: bahari, kanisa kubwa la mjini, na Kariakoo. Bahari na kanisa nilielewa. Kariakoo nikadhani anataka vitenge. Sababu yenyewe niliijua siku ya nne, na ndiyo iliyonifanya nikae niandike haya yote.

Tulipanda basi Songea alfajiri. Njombe, Makambako, Mafinga, Iringa, kisha Mlima Kitonga, ambao mama aliushuka macho yamefumba na rozari mkononi. Mikumi akafumbua. Barabara inakatiza katikati ya hifadhi kwa karibu kilomita 50, na jioni ile tembo walikuwa karibu kabisa na lami. Tukalala Morogoro kusudi, ili asubuhi aingie Dar kwa treni.

Mdau wa kwanza aliandika:
Mkuu, Songea kuna uwanja wa ndege. Mzee wa miaka 70 unamchosha na basi siku nzima kwa nini?

Mleta uzi:
Swali zuri. Fedha ni sababu moja, sifichi. Ila nilipomtajia ndege, mama aliniuliza: "Sasa njiani nitaona nini?" Mtu amesubiri miaka 50 kuiona nchi yake, nikaona si haki kumpitisha juu ya mawingu. Kulala Morogoro ndiko kulikomsaidia magoti. Kama una mzee usimpeleke kwa mkupuo, kata safari vipande viwili.

Tuendelee. Treni ya SGR kutoka Morogoro hadi Dar nilikata daraja la kawaida, 13,000 kila mmoja. Mama alikuwa anaijua treni kwa picha tu, ile ya moshi. Ilipoanza kukolea mwendo hakusema kitu. Kwenye kioo cha ndani ikaandikwa 160, nikamweleza maana yake, akaangalia nje akasema, "Lakini chai haimwagiki." Aliisema hiyo habari kwa kila mtu wiki nzima. Ngerengere, Soga, Pugu, halafu mabati ya Dar yakaanza na hayakuisha. Mama akawa anauliza, "Bado ni huko huko?" Namjibu bado. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu mmoja. Takwimu hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi, lakini niliielewa siku ile nikiwa nimekaa pembeni ya mtu anayeona mabati hayo mara ya kwanza.

Dada alikuja kutupokea Stesheni ya Magufuli. Walikumbatiana pale chini ya paa lile la umbo la tanzanite hadi wasimamizi wakatuomba tusogee pembeni.

BAHARI

Siku ya kwanza, jioni, tulikwenda Coco Beach. Mwendokasi kutoka Kimara hadi Morocco, kisha bajaji. Nilichagua jioni makusudi, jua limepoa. Tulifika kama saa kumi na moja, bahari imejaa, mawimbi yanapiga hadi karibu na barabara. Mama akavua viatu, akashika kanga juu kidogo, akaingia hadi kwenye vifundo vya miguu. Akachota kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Kweli ni chumvi."

Alishaambiwa tangu utoto kwamba bahari ni chumvi. Sasa amethibitisha mwenyewe. Kisha akasimama muda mrefu akitazama mbele. Watu wa Ziwa Nyasa mtanielewa: kule siku ya anga safi unaona milima ya ng'ambo, unajua Malawi ni ile pale. Hapa mama alitafuta ng'ambo, akakosa. Akaniuliza mbele yetu kuna nini, nikamwambia ukienda moja kwa moja ni bahari tupu, mwisho wake mbali sana ni Indonesia. Hakuuliza tena. Tukala mihogo ya kukaanga na pilipili, mwezi ukachomoza duara kamili kutoka majini, tukarudi.

Sasa sikilizeni. Asubuhi yake mama akaomba turudi palepale akaione kukiwa na mwanga. Tukafika saa tano. Bahari haipo.

Wenyeji wa pwani hamtashangaa, lakini mjiweke kwenye nafasi ya mtu wa milimani. Pale alipochovya miguu jana ni mchanga mkavu. Mbele kabisa miamba imekaa wazi, watu wanatembea juu yake na vijiti wakitafuta pweza. Maji ni mstari mwembamba huko mbali. Mama alinishika mkono kwa nguvu. "Maji yamekwenda wapi?" Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika kwa jirani akakuta nyumba imehamishwa usiku.

Ziwa halifanyi hivyo. Ziwa hupanda na kushuka kwa majira ya mvua, polepole, kwa miezi. Mimi nilijua kupwa na kujaa kwa vitabu, nikaanza kumweleza habari za mvuto wa mwezi. Aliyemweleza vizuri ni mama mmoja muuza mihogo. Akamwambia: "Mama, bahari inapumua. Ndani ya siku moja inajaa mara mbili, inapwa mara mbili. Leo ni bamvua kwa sababu mwezi umekamilika, ndiyo maana imekwenda mbali hivyo. Mwezi ukiwa nusu maji yanakuwa mafu, hayaendi mbali. Kesho itachelewa kidogo kuliko leo." Akamuuliza kwenu wapi, mama akasema Mbinga. "Basi kaa, saa kumi itakuwa hapa ulipo."

Mama akakaa.

Siku hiyo nilikuwa na orodha: Daraja la Tanzanite, Mlimani City, Kijiji cha Makumbusho. Nilipomwambia tuondoke akasema, "Nimesafiri siku mbili kuja kuyaona haya maji. Nitayasubiri." Akachukua kijiti akakichomeka mchangani mahali maji yalipoishia. Maji yakikifikia anakichomoa, anarudi nyuma hatua kadhaa, anachomeka tena. Tulikaa pale chini ya mti kuanzia saa tano hadi saa kumi jioni. Watoto wa shule waliokuja kutembea wakaanza kumsaidia kuhamisha kijiti. Saa kumi kasoro povu likafika kwenye kanga aliyoikalia. Akasimama, akapiga makofi mara mbili taratibu, kama tunavyosalimia wakubwa kwetu.

Nimeishi Dar miaka mitatu nikiwa chuo. Nilikwenda Coco labda mara 30. Sikuwahi kuona maji yakirudi.

Mdau wa pili aliandika:
Nimezaliwa Temeke, nina miaka 41, sijawahi kukaa kuyaangalia maji yanavyojaa. Jumapili nawapeleka wanangu.

Mdau wa tatu aliandika:
Kwa heshima zote, Dar ni joto, foleni na wezi. Mzee wa Mbinga mwenye hewa safi namleta huku aone nini? Bora hela umjengee tanki la maji.

Mleta uzi:
Kaka, tanki lipo. Na hoja yako naiheshimu kwa sababu nimewahi kuifikiria hivyohivyo, ndiyo iliyotufanya tuchelewe. Tulimwamulia. Tulisema atachoka, atapata joto, ataibiwa. Hakuna aliyemuuliza anataka kuona nini. Kwa joto, njooni Juni hadi Agosti. Upepo wa kusi unavuma, usiku dada yangu anazima feni. Foleni ni kweli, ila mwendokasi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri mzee anapata kiti. Kabla ya saa tatu na baada ya saa kumi usithubutu, anaweza kuangushwa mlangoni.

KIVUKO NA KANISA

Siku ya tatu nitaipita haraka. Tulipanda pantoni Magogoni kwenda Kigamboni na kurudi, shilingi 200 kila mmoja kila upande, na nawaambia hakuna matembezi ya bei hiyo yanayoonyesha mji vizuri hivyo. Kutoka majini unaona bandari upande mmoja, na upande mwingine Kivukoni yote: paa jekundu la kanisa la Azania Front, mnara wa Mtakatifu Yosefu, na maghorofa yaliyosimama nyuma kama watoto waliowazidi wazazi kimo. Feri sokoni mama aliangalia mnada wa samaki na kuuliza jina la kila mmoja. Changu, kolekole, nguru, jodari. Akasema wote ni wakubwa lakini hakuna anayefikia utamu wa mbasa, samaki wetu wa ziwani. Sikubishana.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa kati ya 1897 na 1902. Mama aliingia, akapiga goti, akatazama matao na vioo vya rangi, akaninong'oneza: "Hawa ni watu wa Peramiho." Nikashangaa amejuaje. Ni kweli kabisa: waliolijenga ni wamisionari Wabenediktini wa Kijerumani, na ni shirika hilohilo lililoanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, wakati mawe ya kanisa hili yanapandishwa. Mama hajasoma historia hiyo popote. Aliitambua mikono yao kwenye matofali.

Makumbusho ya Taifa tulipita saa moja tu. Habari za fuvu la Zinjanthropus, lile Mary Leakey aliloliona Olduvai mwaka 1959, la miaka kama milioni 1.75. Mama akasikitika kidogo kwamba mtu wa zamani hivyo hajazikwa. Tukaondoka.

KARIAKOO

Siku ya nne. Hapa nilikosea, na nawaomba msirudie kosa langu. Tuliingia Mtaa wa Kongo saa tano, wakati watu wamefurika. Nilisimama kulipia viatu vya wanangu, dakika mbili hazijafika, nageuka mama hayupo. Simu yake ilikuwa Kimara kwenye chaji.

Sitaki kueleza sana dakika 40 zilizofuata. Niliita hadi sauti ikakauka. Wamachinga wa pale, ambao watu wanawasema vibaya, waliacha biashara zao. Mmoja akasimama juu ya meza akiita, "Mama wa Mbinga, kijana wako anakutafuta!" na wito ukapokelewa meza hadi meza mpaka mwisho wa mtaa. Jibu likarudi kwa njia hiyohiyo: yupo duka la vitenge kona ya pili.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, amepewa maji, anazungumza na mzee mwenye duka. Anamuuliza kama anafahamu familia yoyote ya watu wa Umatengo, kwetu Mbinga, waliohamia Kariakoo zamani, kabla ya Uhuru, zamani sana.

Ndipo aliponieleza. Bibi yake mzaa mama alilelewa bila baba. Kila walipouliza, waliambiwa neno moja: "Alikwenda Kariakoo, hakurudi." Mama amekua akijua kwamba babu huyo alikimbilia mjini, akamwacha mke na mtoto mchanga, akaoa wengine huko. Bibi alikufa na uchungu huo. Mama alikuja Kariakoo kuulizia kama ana ndugu.

Wakuu, mimi nafundisha historia. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwamba walipoiteka Dar mwezi Septemba 1916 waliwaweka wapagazi hao mahali hapo, hadi eneo likachukua jina lao. Nimefundisha hivyo miaka tisa, na nyumbani kwetu msemo ule nimeusikia tangu utoto. Sijawahi kuviweka pamoja.

Sikumwambia palepale sokoni. Kesho yake nikampeleka makutano ya Samora na Azikiwe, kwenye sanamu ya Askari. Mnaifahamu, ile ya shaba ya mwaka 1927 yenye singe iliyoelekea bandarini. Watu wanapita pale kila siku bila kusoma. Chini kuna maandishi, na Kiswahili kimo. Mama alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 70, anasoma polepole kwa kidole. Akasoma habari za askari. Akafika panapotajwa wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Akarudia hapo.

Nikamweleza sasa. Kwamba Kariakoo lilikuwa jina la kikosi kabla halijawa jina la mtaa. Kwamba Waingereza waliandikisha wapagazi karibu milioni moja, wengi kwa nguvu, na waliokufa wanakadiriwa kuzidi 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Kwamba "alikwenda Kariakoo" maana yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita.

Mama alikaa kimya. Magari yanazunguka. Halafu akasema, "Kumbe hakumkimbia." Akafungua pindo la kanga, akatoa maua mawili aliyoyachuma uani kwa dada asubuhi, akayaweka chini ya maandishi. Sikujua alikuja nayo kwa ajili gani. Sikumuuliza.

Mdau kutoka Nairobi aliandika:
Nimesoma mpaka hapa nikasimama. Huku kwetu kuna mtaa unaitwa Kariokor, asili yake ni hiyohiyo. Na Kenyatta Avenue tuna sanamu kama hiyo, kazi ya mchongaji huyohuyo, James Alexander Stevenson, ila yetu ina watu watatu na mmoja wao ni mpagazi. Mama akipata nafasi ya kufika Nairobi, yupo mtu wa kumsimamia pale.

Mdau wa nne aliandika:
Nyongeza kidogo. Kabla ya Askari, mahali pale palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza wakaing'oa, ikaishia Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha chini. Mwalimu, kuna jambo ufikirie: Wajerumani nao walichukua wapagazi wengi sana kusini, lakini neno Kariakoo ni la upande wa Waingereza. Kama ukoo wenu umehifadhi neno hilo, kuna uwezekano mkubwa babu alichukuliwa na Waingereza. Na wao waliingia Songea Septemba 1916, jeshi la Jenerali Northey likitokea upande wa Nyasaland, Malawi ya leo. Kwa hiyo tafuta kuanzia hapo, usianzie 1914.

Mleta uzi:
Mkuu, Mungu akubariki. Nimemsomea mama maneno yako kwa simu jana usiku. Akasema yanalingana, kwa sababu bibi yake alizaliwa mwaka ambao baba yake aliondoka, na umri wa bibi tunaukadiria hivyo.

Mdau wa Kenya, salamu zako zimefika. Mama anauliza Nairobi kuna bahari? Nimemjibu hapana, akasema basi atakuja kwa ajili ya huyo mpagazi tu.

Kwa walioniuliza PM kuhusu kwenda na wazee: andika namba zako mbili kwenye karatasi, mshonee mfukoni au pindoni, usitegemee simu. Ulizia choo kabla ya kuulizia chakula. Kariakoo nenda saa mbili asubuhi, kabla mitaa haijajaa. Na jambo moja kwa siku linatosha, hata kama ni maji tu.

Siku ya sita tulirudi. Mama alibeba chupa ya lita moja na nusu ya maji ya bahari. Wanakijiji wameonja wote, kijiko kimoja kimoja, na chupa iliyobaki iko kabatini karibu na picha ya Bikira Maria.

Swali langu kwenu sasa, wenye ujuzi: majina ya wapagazi waliochukuliwa Umatengo na Ungoni 1916 hadi 1918 yanaweza kupatikana wapi? Hata kama ni orodha ya kijiji tu.

Mdau wa tano aliandika:
Anzia Nyaraka za Taifa, hapo hapo Dar. Nikuambie ukweli lakini, wapagazi wengi hawakuandikwa majina. Kwa Umatengo ningeangalia pia vitabu vya ubatizo vya misheni. Kigonsera ilianza 1899.

Mleta uzi:
Ahsante sana. Dada wa Kimara atakwenda Nyaraka Jumatatu. Mimi Jumamosi nakwenda Kigonsera na mama. Ameshanitajia majina yote mawili ya babu yake, la nyumbani na la ubatizo, na jina la kilima walichokaa. Nitarudi hapahapa kuwapa mrejesho.